Kozi ya Mikia

Baba mkwe wangu alimkata mume wangu vidole kwa sababu ya mikia ya ng'ombe, na mimi siku hiyohiyo nikamvunja shemeji yangu goti. Yote hayo yalikwisha kabla chai haijapoa. Chai nilikuwa nimeipika mimi, maana serikali iliagiza kwamba watu wakifundishwa wapewe chai, isije ikasemwa wamefundishwa kwa nguvu.

Mwaka ulikuwa 1956, lakini ubaya wenyewe ulianzia Iringa, kwenye ubao.

Mume wangu Asukile alichaguliwa kwenda kozi ya wiki tatu awe msaidizi wa mifugo. Alijua kusoma, na baba yake, mzee Sedekia, alikuwa mzee wa kanisa mwenye ng'ombe tisa. Wakubwa walidhani mtoto wa mwenye ng'ombe atasikilizwa na wenye ng'ombe. Kozi ilikuwa Kihesa, palepale Iringa, kwenye jengo la bati, na mimi nikachukuliwa kwenda kuwapikia wanakozi, pamoja na mama mmoja wa Kihesa palepale, Tekla, Mhehe mwenye mdomo mkali kuliko kisu chake.

"Damari," aliniambia siku ya kwanza, "nyie Wanyakyusa si mnalala na ng'ombe nyumba moja? Harufu yenu niliisikia mlipokuwa bado Makambako."

"Bora ng'ombe, dada. Mumeo nimemsikia jana akikoroma, ng'ombe wetu hawafanyi vile."

Tukapatana. Jiko lilikuwa nyuma ya darasa, dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo kozi nimeisoma yote huku nikikoroga ugali. Cheti tu ndicho sikupewa.

Mwalimu alikuwa daktari wa ng'ombe, Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Kiswahili chake kilikuwa kama uji wenye mabonge, ila ulishibisha. Siku hiyo alikuwa anafundisha homa ya mapafu, ile inayowakohoza ng'ombe mpaka wanakufa wamenyoosha shingo.

"Dawa yake tunachoma kwenye ncha ya mkia," alisema. "Kwa nini mkiani?"

Philbert, kijana wa Ilula, akanyoosha mkono. "Kwa sababu upande wa mbele una pembe, bwana."

Darasa likacheka, na daktari akacheka. Kisha akaweka chaki chini.

"Hapana. Dawa hii ni ugonjwa wenyewe, tumeupunguza nguvu. Mara nyingine unakasirika. Ukikasirika shingoni, ng'ombe anakufa. Ukikasirika mkiani, unakula mkia, basi. Ng'ombe bila mkia anaishi. Bila shingo mmeshamwona?"

Asukile akauliza, "Wangapi watakatika mikia, bwana?"

"Katika mia, labda kumi. Mahali pengine zaidi, sijui bado. Lakini homa ikiingia na hamkuchoma, katika mia mtapoteza hamsini."

Nyuma ya darasa alikaa bwana mkubwa mmoja wa utawala. Jina lake silisemi, tulimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuivua hata ndani. Akasimama.

"Hilo la mikia," akasema, "litabaki humu ndani."

Daktari akawa mwekundu mpaka pale pua ilipokuwa haijababuka. Wakazozana Kizungu, halafu wakarudi kwenye Kiswahili, nadhani kila mmoja alitaka wanafunzi wawe upande wake.

"Kazi ya daktari ni kujua," alisema Bwana Kofia. "Kazi yangu ni kuhakikisha ng'ombe wamechomwa. Waambieni watu mikia itakatika, kesho yake milima yote hamtaona ng'ombe hata mmoja. Watawaficha."

"Na ikikatika hawakuambiwa?" akauliza daktari.

"Watakuwa wameshachomwa."

Philbert akauliza tena, safari hii hakuna aliyecheka. "Bwana, sisi tukifika makwetu tuseme lipi? La daktari au la kwako?"

"Semeni ni amri."

Akawasimamisha mmoja mmoja, mkono juu, kila mtu aape kwamba habari ya mikia haitatoka kinywani mwake. Asukile akaapa. Nilimwona kupitia dirishani, na ugali wangu ukaungua.

Tulipokuwa tunakula nikamwambia, "Baba yako lazima umwambie."

"Nimeapa, Damari."

"Umeiapia kofia."

Akanitazama kama mtu anayetaka kupiga, kisha akakumbuka mwenye chungu ni nani. "Ni kumi katika mia," akasema. "Ng'ombe wa baba ni tisa. Hata mmoja hafiki."

Hesabu ilikuwa sahihi. Ng'ombe hawakuijua.

Sasa, kwa wasio wa kwetu Rungwe, nieleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Simwoni, hanioni. Hatukai chini ya paa moja, hatusemeshani, jina lake silitaji. Nikimwona anakuja njiani, najitupa majanini na kujifunika nguo kichwani mpaka apite. Na si yeye peke yake, na wenzake wa rika lake wote, maana wote hao ni baba zake mume wangu. Wamisheni walisema ni ushenzi, lakini hata kanisani mimi nilisali nimekaa nje ya mlango wa nyuma, na Sedekia mbele kabisa, na Mungu alitusikia wote wawili. Mwanamke akivunja mwiko huo, walisema, tumbo linafunga, hazai tena.

Basi tukarudi nyumbani na sanduku la chupa na sindano mbili nene kama kidole. Asukile akajengesha kizimba cha magogo karibu na shule, chembamba, ng'ombe akiingia hawezi kugeuka. Siku ya kuchoma watu wakaja wengi. Akasoma amri: atakayeficha ng'ombe atafungwa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa shule nikisikiliza, kwa kuwa baba mkwe alikuwapo.

Sedekia ndiye aliyeuliza, mbele ya watu wote.

"Mwanangu, mimi nitaleta wangu wa kwanza, watu wanifuate. Niambie tu. Dawa hii itawafanya nini?"

Nikasali kwa Kyala, Mungu wetu, Asukile aseme.

"Haiwafanyi kitu, baba."

Mzee akawaleta wote tisa. Watu wakamfuata, isipokuwa Yotamu, tajiri wa ng'ambo ya mto, aliyewaficha wake msituni na kusema wana kuhara.

Siku ya kumi na mbili mikia ikaanza kuvimba. Ikawa minene kama mchi, ikatoa usaha, nzi wakajaa. Siku ya ishirini ikaanza kudondoka njiani. Ungekuta mkia umelala kwenye umande kama nyoka aliyekanyagwa. Kijiji kizima ilianguka kama thelathini, na kwa baba mkwe wangu pekee ilianguka minne.

Sasa mtasema mkia ni mkia. Lakini katika wale wanne, watatu walikuwa mahari ya Anyitike, mdogo wake mume wangu, aliyechumbia binti wa huyohuyo Yotamu. Anyitike aliwapeleka kwa unyenyekevu, amevaa kanzu. Yotamu akawazunguka mara mbili.

"Gwe Anyitike," akasema, "hawa ni ng'ombe au mbwa wa Wazungu? Mwanangu nimemlea na viungo vyote. Wewe unaniletea nusu nusu?"

Wasichana waliokuwa kisimani walicheka mpaka mitungi ikamwagika. Anyitike akawarudisha nyumbani. Akaanza kunoa nyengo, lile panga letu la mpini mrefu na pua iliyopinda. Alinoa siku tatu mfululizo. Hakuna majani yanayotaka makali ya siku tatu.

Wiki hiyohiyo Marta, mke wa Yotamu, aliniletea nyama. Baada ya siku mbili akaniletea tena. Nikamuuliza, "Mna sherehe gani, dada?" Akasema hakuna sherehe, kula tu. Nikala. Lakini nilimtazama alivyokwepa macho yangu.

Ndipo ikaja barua: waliokosa mara ya kwanza wachomwe, na kabla ya kuchomwa watu wakusanywe wafundishwe upya juu ya faida za sayansi, na wapewe chai. Nikamsihi Asukile asiende.

"Nisipokwenda watatuma askari," akasema.

"Basi sema ukweli leo."

"Leo nitasema," alisema. Nadhani angesema. Hawakumpa nafasi.

Wanaume kama sitini waliingia darasani mwa mwalimu Liberatus. Huyu alikuwa Mbena kutoka Njombe, mtu mpole, hana ndugu wala mkwe kwetu. Mimi nilikuwa nje nyuma na pipa la chai, dirisha likiwa juu ya kichwa changu. Asukile akaandika ubaoni HOMA YA MAPAFU. Hajamaliza, baba yake akasimama, akaenda mpaka mezani, akapindua mfuko wa ngozi. Mikia minne ikaanguka juu ya meza, imekauka, mmoja bado una funza.

"Fundisha hiyo," akasema Sedekia.

"Baba, leo nilitaka..."

"Nilikuuliza mbele ya watu. Ulinijibu nini?"

Asukile akafungua mdomo. Anyitike hakungoja jibu. Alimpiga kwa mpini wa jembe kwenye taya, na mimi huko nje niliusikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Halafu darasa zima likasimama. Walimpiga kwa fimbo, kwa ngumi, kwa vibao vya madawati. Mmoja alilinyanyua sanduku la dawa akalipigiza sakafuni, akamburuta juu ya vioo. Mwalimu Liberatus alijaribu kumlalia, wakamtupa dirishani, akaniangukia mimi na chai yote, ndiyo maana mpaka leo begani nina kovu la elimu ya watu wazima.

"Kizimbani!" wakapiga kelele. "Naye achomwe!"

Wakamtoa miguu mbele. Shati lake la kaki lilikuwa jekundu mbele na nyuma. Wakamsukumia ndani ya magogo, wakapitisha mti nyuma ya mgongo wake asirudi, wakamfunga mkono wa kulia kwenye gogo la juu kwa kamba ya ng'ombe. Alikuwa akilia, na kwa taya lile kilio chake hakikuwa cha mtu.

Mtu mmoja akauliza, "Yeye mkia hana. Tunakata nini?"

"Mkono ule uliochoma," akasema mwingine.

Anyitike akaleta nyengo yake. Baba yake akampokonya. "Huyu ni wangu," alisema. "Ng'ombe wanne, vidole vinne. Kisha mtafanya mtakalo." Na wote tulijua watakalo ni lipi, maana vijana walikuwa wameshaokota mawe.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta, nguo kichwani, kama mkwe mwenye adabu. Nikasikia nyengo ikigonga gogo. Nikasikia Asukile. Nikahesabu, kimoja. Ikagonga tena. Viwili.

Nguo ile niliivua kichwani nikaiacha pale.

Nilikimbia nikapita katikati ya vijana, nikaruka mti wa kizimba, nikasimama kati ya gogo na baba mkwe wangu, uso kwa uso, hata pumzi yake niliinusa. Mkono wake ulikuwa juu na nyengo. Sikuwahi kumwona uso tangu niolewe, miaka minne. Nikaona kumbe mume wangu pua yake aliitoa kwake.

"Nikate mimi, Sedekia!" nikasema. Nikalitaja na jina.

Mzee akapiga yowe kama aliyeunguzwa. Akafunika macho kwa mikono yote miwili, nyengo ikaanguka, akageuka akaniletea mgongo. Na wenzake wa rika lake, wazee ishirini na kitu, waliokuwa na mikuki na virungu, wote wakageuka kwa pamoja kama askari wa gwaride. Wengine walijifunika mashuka. Mmoja aligeuka kwa haraka akagonga kichwa kwenye mti wa mkaratusi. Sijajua mpaka leo kama kuna jeshi jingine lililoshindwa kwa uso wa mwanamke wa darasa la nne.

Lakini shemeji hana mwiko. Shemeji unataniana naye, unampikia, unamtukana. Anyitike alikuja akicheka vibaya, na mpini wa jembe mkononi.

"Toka, shemeji. Wewe nitakuoa mimi akishakufa."

Nikaiokota nyengo. Sikumpiga na makali, maana alikuwa anapenda mchicha wangu. Nilimpiga na mgongo wa chuma, kwenye goti, kwa nguvu ya mtu aliyepasua kuni tangu ana miaka sita. Goti likaenda upande ambao goti haliendi. Akaanguka akimwita mama yake. Vijana wengine walimtazama, wakaitazama nyengo, wakayashusha mawe.

Nikaikata kamba. Asukile akaniangukia. Vidole viwili havikuwapo, na kile cha tatu, ambacho pigo la pili lilikipitia, kilining'inia kwa ngozi tu. Nikaufunga mkono kwa kanga yangu nikaukaza mpaka akazimia. Hapo nilikuwa na migongo ishirini mbele yangu na mume anayekufa mapajani, na nilijua nikinyamaza watageuka tena. Basi nikafundisha. Sikuwahi kuwa na ubao.

"Alijua!" nikawaambia migongo. "Mume wangu alijua mikia itakatika. Na mimi nilijua. Daktari alisema wazi Iringa: dawa inachomwa mkiani ili ikikasirika iule mkia tu, isimle ng'ombe. Mkubwa mwingine akawaapisha wasiwaambie. Waliogopa mtaficha ng'ombe."

Sedekia akasema, hakugeuka, akiongea na hewa, "Mwalimu Liberatus yuko wapi?"

Liberatus akaja akichechemea, amelowa chai.

"Muulize huyo mtu," alisema mzee, "kwa nini nimwamini sasa."

"Anauliza kwa nini akuamini," Liberatus akaniambia, kama vile mimi nilikuwa Mombasa.

"Mwambie katika ng'ombe wake tisa, wanaokohoa ni wangapi?"

"Hakuna," akasema Sedekia kabla hajaulizwa, kisha akakumbuka akamwambia mwalimu, "Mwambie hakuna."

"Na wewe Yotamu!" nikasema. Mgongo wa Yotamu niliujua, ulikuwa mnene. "Wewe uliyewaficha, mwenye ng'ombe wenye mikia mizuri. Mwezi huu umekula wangapi?"

Mgongo ukajikunyata.

"Marta ameniletea nyama mara mbili. Ng'ombe wa nani huchinjwa mara mbili kwa mwezi bila harusi wala msiba? Wangapi wamekufa, Yotamu?"

"Sita," alisema Yotamu, sauti ndogo. "Na watatu hawasimami."

Basi wale wazee, migongo ileile, wakaanza kumsogelea Yotamu kinyumenyume. Mtu wa kwanza aliyempiga alimpiga kwa kisigino. Sikungoja kuona mwisho wake, ingawa nilisikia meno.

Sedekia hakwenda. Alisimama palepale, mabega yakishuka. "Mwalimu," akasema, "mwanangu anapumua?"

"Anapumua," akasema Liberatus.

Vijana wakatengeneza machela mbili za miti, moja ya Asukile, nyingine ya Anyitike aliyekuwa bado anamwita mama yake. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, kwenye mvua na utelezi. Sedekia alitangulia mbele ya wote, kwa sababu mimi nilitembea nyuma, nimeshika ule mkono juu damu isimwagike. Hakuweza kugeuka. Angegeuka angeniona tena. Kwa hiyo kila baada ya kona aliuliza mbele huko, macho kwenye tope, "Mwalimu, anapumua?" Na Liberatus katikati akaniuliza, na mimi nikamjibu Liberatus, naye akampelekea. Mara moja tulipovuka mto nilichelewa kujibu, maana nilikuwa nimeweka sikio kifuani na sikusikia kitu. Nikaona mzee mbele amesimama kwenye maji yanayompita magotini, kichwa chini, hageuki. Kisha moyo ukapiga.

"Anapumua," nikasema.

Hospitalini mganga aliwatazama wote wawili, akachukua karatasi ya polisi. "Huyu amekatwa na nini?"

Asukile taya lilikuwa limefungwa. Anyitike akajibu kwenye machela yake. "Ng'ombe, bwana."

"Ng'ombe amekata vidole?"

"Alimkanyaga."

"Na wewe goti?"

Akanitazama muda mrefu, shemeji yangu yule. "Ng'ombe huyohuyo," akasema. "Ana teke baya sana."

Wakamwingiza Asukile, wakashona mpaka usiku. Mimi nilikuwa ndani, kwa hiyo Sedekia alibaki nje, chini ya mchirizi wa bati, upande wa pili wa ukuta. Liberatus alikuwa amelala kwenye benchi, mdomo wazi, amechoka kupeleka salamu. Giza lilipokwisha ingia mganga akatoka, akaniambia vidole vitatu vimekwenda, damu imekwenda nyingi, lakini mtu amebaki. Atakula uji miezi miwili.

Nikasikia sauti nje ya ukuta. "Mwalimu. Mwalimu Liberatus. Anapumua?"

Liberatus akakoroma.

"Mwalimu?"

Nilikwenda kwenye ukuta. Niliweka kiganja kwenye udongo wake uliolowa. Mwiko nilikwisha kuuvunja mchana, na baadaye nilizaa sita, kwa hiyo sijui tumbo lile lilifungwa na nani.

"Anapumua, baba," nikasema. "Ataishi."

Nikamsikia akikaa chini kwenye tope taratibu, kama gunia linaloshushwa mgongoni, na mvua ikiendelea kumnyeshea, wala hakusogea.